Mbegu Katika Kitambaa cha Afande Odongo

Nakumbuka Ijumaa moja ya soko hapa Bwera, mwanangu, na nikiikumbuka hata leo siwezi kutulia kwenye kiti. Usinicheke. Jana ulinipigia simu kunieleza habari za duka lako jipya la Rukoki, na furaha ilinijaa mpaka niliposikia ulichobandika ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nilikata simu kwa sababu nilitaka kupumua kwanza. Sasa nimeshapumua. Sikiliza.

Nilikuwa msichana mwenye kibanda changu mwenyewe, kando ya barabara ya kwenda mpakani. Niliuza majembe, maharage na mahindi ya kupanda. Kibanda kidogo, lakini kiburi chake! Msimu ule nilinunua gunia la mahindi ya mbegu kwa tajiri mmoja wa jumla kule Kasese mjini. Yalikuwa yamepakwa ile rangi nyekundu ya dawa ya mbegu, gunia limeshonwa vizuri, yanapendeza macho. Sikuwa na sababu ya kuyatilia shaka, na sikukusudia kumdanganya mtu.

Mmoja wa walionunua alikuwa Mama Kahindo, mkimbizi kutoka upande wa Beni, kule Kongo. Alikuwa amekodi shamba Kisinga, na ili apate mbegu aliuza mbuzi wake wa pekee. Siku ya kununua aliniuliza mara mbili, "Dada, hii ni ya kupanda? Si ya kusaga?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ni ya kupanda, na aende kwa amani. Yashike maneno hayo, mwanangu, maana kesi nzima imelala hapo.

Basi Ijumaa hiyo soko limefurika, Wakongo wamevuka kwa wingi, mimi nimejitengeneza na kitambaa kipya kichwani, namwona Mama Kahindo anakuja na matope mpaka magotini. Akafungua kanga yake akamwaga mbele yangu mahindi aliyoyafukua shambani. Bado mekundu, na yameoza. Hayakuwa na mzizi hata mmoja.

"Dada, mimi sitaki makelele," akasema. "Mbegu yako haikuota ata moya. Mvua iko inapita. Batoto bangu batakula nini?"

Yeye hakutaka makelele, lakini soko lilitaka! Watu wakajaa. Mmoja akasema mwizi, na wewe unajua neno hilo likitamkwa sokoni linaweza kumfikisha mtu wapi. Nikaanza kukunja turubai langu ili nikimbilie kwa mjomba wangu kule Muhokya, nikae huko mpaka msimu upite.

"Wewe! Weka hiyo turubai chini!"

Alikuwa jirani yangu, Afande Odongo, sajenti mstaafu. Alizaliwa kaskazini, akatumikia huku, akastaafu, na hakurudi kwao. Aliuza mabuti ya mpira na kamba, na aliwaamrisha wateja wake kama yuko kambini bado, lakini walimpenda.

"Unakimbia wapi? Umeiba?"

"Hapana, afande."

"Basi simama kama mutu. Huyu mama aliuliza kama ni mbegu?"

"Aliuliza."

"Ukasema ndiyo. Basi lazima iote! Hiyo ni sheria. Hata kama wewe ilikuwa hujui."

Nikaona ameniuza. Nikapaza sauti kwamba labda mama amepanda chini mno, labda ameacha maji yasimame shambani. Nilitarajia anigombeze zaidi, lakini alinigeukia akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Hiyo pia iko haki yako. Kama yeye ndiye aliharibu, hulipi. Lakini usiseme na mdomo. Onyesha."

Akachana shuka lake la zamani vipande viwili. Kwenye kimoja tukaweka mahindi mekundu kutoka gunia langu, Mama Kahindo mwenyewe akiyachota. Kwenye kingine tukaweka mahindi ya kienyeji tuliyopewa na mama mmoja muuza unga. Tukalowesha, tukaviringisha, tukafunga, tukavitundika kwenye nguzo ya kibanda changu, mahali ambapo kila mpita njia anaviona. Mama Kahindo alihamia kwa shemeji yake hapo hapo Bwera, na kila asubuhi tulinyunyiza maji sisi wawili, kila mmoja akimlinda mwenzake.

Ee mwanangu, siku zile! Waendesha boda boda walipunguza mwendo kuniuliza, "Masika, zimeamka?" Wanywa chai waliwekeana dau. Sikulala vizuri, sikula vizuri, na bado nakwambia sijawahi kujisikia hai namna ile. Nilitaka mbegu ziote ili jina langu lisafishike. Halafu namwangalia yule mama anavyotazama mawingu ya mlimani, naona aibu ya kutaka hivyo.

Soko la Jumanne likafika. Afande akafungua vitambaa mbele ya kila mtu. Mahindi ya kienyeji yalikuwa yametoa mizizi myeupe, imejipenyeza mpaka kwenye nyuzi za kitambaa. Mahindi yangu yalikuwa yanateleza na kunuka, na rangi yote imehamia kwenye shuka. Yalikuwa mahindi ya kusaga ya zamani, yaliyokwisha kufa, yakapakwa rangi tu! Mama Kahindo alifunika uso. Mimi nilipiga kelele, sijui ya hofu au ya hasira.

"Vizuri," akasema afande. "Kwa huyu mama, wewe ndiye muuzaji. Kwa yule wa Kasese, wewe ni nani?"

Nikalitazama gunia lile la Kasese. Halafu ikaniingia. "Mteja!"

"Haya. Twende!"

Tulipanda gari la abiria sisi watatu na gunia letu. Yule tajiri alitusikiliza nusu tu, akanyoosha kidole ukutani. Unajua palikuwa pameandikwa nini? Maneno yale yale uliyobandika Rukoki!

"Soma hapo," akaniambia. "Ikishatoka, imetoka."

Nilitandaza vitambaa vyote viwili juu ya meza yake, mbele ya foleni ya wanunuzi, na risiti aliyoniandikia siku ya kununua pembeni. Nikamwambia, "Bwana, uliniuzia mbegu. Hii si mbegu. Ukuta wako hauwezi kuiotesha, na mbele ya hakimu hautakuokoa." Kisha mzee mmoja katika foleni akafungua mfuko aliokwisha kulipia, akalamba kidole, akasugua punje. Kidole kikawa chekundu. Weee! Dakika hiyo tajiri akakumbuka kwamba ana mbegu nyingine stoo, na safari hii tulizikagua sisi wenyewe kabla ya kuondoka.

Tulishukia Kisinga moja kwa moja. Nilivua viatu nikapanda pamoja na Mama Kahindo, na kabla hatujamaliza mistari ya mwisho mvua ikatunyeshea. Tulicheka ovyo, matope mpaka usoni. Mahindi yalipochomoza alikuja Bwera kuniita, akanishika mkono barabara nzima, akiwaambia watu, "Huyu ndiye muuzaji wangu." Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho.

Kwa hiyo ing'oe karatasi yako, mwanangu, leo hii. Ukimwambia mteja kwamba kitu ni cha kazi fulani, kifanye kazi hiyo. Kikishindwa, ni juu yako kumpa kingine au kumrudishia alichotoa, hata kama hukujua. Kasoro unayoijua, iseme kabla hajalipa. Akiharibu mwenyewe au akibadili mawazo tu, hulazimiki, lakini mjibu kwa heshima. Na wewe mwenyewe daima nunua kwa risiti, usiogope tajiri wa jumla, maana sheria inayokubana ndiyo inayokushika mkono.

Ndani ya kifurushi ninachokutumia kwa kijana wa boda utakuta kipande cha shuka chenye madoa mekundu yasiyotoka. Afande Odongo hayupo tena, nami tangu siku ile nimezijaribu mbegu zangu zote kwa mtindo wake. Kitundike pale ulipobandua karatasi, na anayeuliza ni cha nini, mhadithie.

Mungu abariki mikono yako na ulimi wako, akupe wateja wa kukuita "muuzaji wangu" barabarani mchana kweupe, na kila utakachouza kikaote.