Neno la Daktari kwenye Faili

Kitu cha kwanza alichokiona mfua nguo kwa muuguzi wa kliniki ya sukari ni viatu vyake, vilivyokanyagwa visigino vikawa kama ndala. Muuguzi huyo humpokea kila mgonjwa kwa kushusha pumzi, kujipangusa uso kwa kiganja na kuuliza kwa sauti iliyochoka, "Haya mama, sindano tunachoma au tunazitazama tu?"

Leo alifungua faili la mfua nguo. "Daktari kaandika wewe mkaidi, uondolewe kliniki."

"Mwanangu, nachoma kila siku. Insulini ndiyo inachemka na kuharibika kwenye chumba changu cha bati. Friji ya jirani niliyokuwa naiweka imekufa."

Muuguzi akafumba macho kidogo. Akalikata neno la daktari kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Hana friji.

"Atanifokea," akasema, akimvutia kiti karibu na chake. "Kaa, tumsubiri pamoja."

Wakautazama mlango.