Kioo cha Mbele cha Duka la Madera

Mwenye jengo alitaka vioo. Safu yake yote ya maduka, pale Garissa, alitaka milango ya mabati ing'olewe na mbele kuwekwe kioo kitupu kutoka sakafuni hadi juu, kama alivyoona Nairobi. Pazia hataki, karatasi ya kubandika hataki. Mpangaji asiyekubali, ahame. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchorea.

Kuchora kioo cha duka kwenye kompyuta ni raha, asikudanganye mtu. Unavuta ukuta mmoja mrefu, unaiambia programu isimamishe nguzo za alumini kila baada ya mita moja na nusu, na vioo vinajipanga vyenyewe katikati. Ukitaka mlango, unabofya kioo kimoja, unakigeuza mlango. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mume wangu anajua, lakini nikishika kazi hiyo chai hupoa mezani na sina ugomvi na mtu.

Duka mojawapo lilikuwa la mama mjane, muuza madera, mabuibui na udi. Mimi nilimwita mama, naye aliniita abaayo, dada, ingawa mimi ni mtu wa bara na Kisomali changu kinaishia kwenye salamu. Alikuja ofisini, akaketi kando yangu, nikamzungushia duka lake kwenye skrini huku nikijisifu kimoyomoyo.

"Maashallah, maridadi," akasema. "Sasa wateja yangu watakaa wapi?"

"Ndani, mama."

"Ndani wapi? Hapa ndani yote ni nje."

Nilikasirika, kusema kweli. Yaani nimeumia mgongo kwa kazi hii, halafu naambiwa hivyo! Lakini akanieleza. Kwake wanawake hawaingii, wakanunua, wakatoka. Wanafunga mlango, wanavua mabuibui, wanajaribishana madera, wanafukiza udi na kupiga soga mpaka alasiri. Na ng'ambo ya barabara kuna hoteli ya chai ambako wanaume hawabanduki, viti vyote vimeelekea dukani.

"Wakiona kioo, hakuna mwanamke atavua hata mtandio," akasema. "Wataenda kwingine. Na mimi nikikataa kioo, natolewa. Hii duka ndiyo inalisha watoto yangu, abaayo. Niambie nifanye nini."

Hasira ikaniyeyuka, huruma ikanishika. Kisha hasira ikarudi, safari hii ya mwenye jengo.

Tulijaribu kioo cheusi. Mchana kilificha vizuri, lakini nilipoufanya mchoro uwe wa saa za magharibi na kuwasha taa za dukani, kila kitu kilionekana. Hapo nikapata wazo: kioo kibaki mbele vilevile, kisha hatua moja nyuma yake nisimamishe ukuta. Katikati ya kioo na ukuta yatundikwe madera ya kuvutia macho ya wapita njia, na pembeni uwepo mlango wa mbao wa wanawake kuingilia. Duka lingepungua kidogo, lakini mama alipiga makofi.

Mwenye jengo alipokuja, mama akiwepo, aliukunjia uso ule ukuta.

"Hii ni nini? Mimi nimesema watu waone ndani. Toa."

Nikajaribu kumweleza.

"Wewe chora tu," akanikata.

Ebo! Nikautoa, nikibofya kama mtu anayeua mbu. Haya, si anataka kuona ndani? Nikachukua sanamu mojawapo ya zile zinazokuja na programu, za kijivu, zisizo na uso, ya mwanamke aliyeketi, nikaiweka katikati ya duka. Kisha nikavuka barabara kwenye mchoro, nikasimama kwenye hoteli ya chai na kutazama kutoka pale.

"Mzee, si hapa ndipo mnaponywea chai?"

"Ndiyo, hapo hapo. Mimi nakaa kiti ya mwisho."

Nikasogea hadi kiti cha mwisho. Mwanamke wa kijivu akaonekana mzima, katikati ya alumini mbili.

"Umeona? Safi kabisa," akasema mwenye jengo.

 Mama wa madera akasogeza kiti chake karibu.

"Walaal," akamwita, kwa upole wa kumwita ndugu yake, "unajua huyo amekaa ni nani?"

"Si ni picha tu?"

"Hapana. Huyo ni mama yako. Kila Alhamisi anakuja kwangu, anavua buibui, anafungua nywele, mimi nampaka hina. Hapo ndipo anakaa."

Mwenye jengo akageuza uso ukutani.

"Astaghfirullah," akasema. "Funga hapo. Funga haraka!"

Nikaanza kuurudisha ukuta. Ile sanamu haikuwa na nywele, wala macho, wala nguo ya kuvua, lakini mzee yule hakugeuka mpaka nilipomwambia kwamba haonekani tena.