Kiti cha Msemaji wa Pili

Juma lililopita nilikuwa nikingoja cheti katika ofisi moja ya sheria hapa Likasi. Mama mmoja wa mtaa wa Kikula, aliyefunga kitambaa cheusi cha msiba, akasimama mbele ya karani. Lori la serikali lilimgonga mwanawe kwenye barabara ya Kambove, akafa.

"Nani atasemea mutoto yangu?"

"Procureur," karani akajibu, akionyesha kwa kidevu mlango wa mwendesha mashtaka.

"Na ile camion ya Leta, nani ataisemea?" akauliza juu ya lile lori la serikali.

"Ni yeye tu, mama. Mambo ya Leta pia iko mu mikono yake."

Mama akakaza kitenge chake kiunoni. "Wakati minye niliozesha binti yangu, bakwe balikuya na musemaji yabo, na shiye tulikuwa na yetu. Na tulikuwa tunapendana! Leo muntu amekufa, munaleta kinywa moja?"

"Procureur ni muntu ya haki, mama."

"Sikatae. Lakini atajiuliza, atajijibu."

Akavuta kiti kilichokuwa kando ya ukuta, akakiweka ng'ambo ya meza. "Hii ni ya musemaji ya mutoto yangu." Akatoka.

Wakubwa serikalini wanajadili kutenganisha kazi hizo mbili za procureur, ofisi moja ishtaki, nyingine iitetee serikali. Tunaambiwa wakati haujafika. Lakini kwenye mahari, msemaji mmoja akichelewa, hakuna anayefungua mazungumzo. Tunamngoja.

Nilipopewa cheti changu, kiti kilikuwa bado pale pale. Karani alikuwa ametundika koti lake juu yake.