Katuni Yangu na Wasomaji Walioambiwa Hawapo

Wapo waliosema katuni yangu haistahili ukurasa katika kamusi elezo ya mtandaoni. Hilo ningeweza kulimeza. Lililonikaa kooni ni jingine, na nitalisema bila kuzunguka.

Natengeneza simu na kompyuta katika kibanda mjini Korogwe. Kazi ikipungua nachora katuni kwenye simu, kwa kidole, kisha nairusha mtandaoni. Mhusika mkuu ni fundi mwenye gubu, na wateja wake ni hao hao wanaonijia mimi: mwalimu aliyeifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma isije ikashikwa na baridi, bibi wa Vugiri anayemjibu kwa heshima yule dada wa kwenye simu anayesema salio halitoshi, mfugaji anayepanda kichuguu kutafuta mtandao huku ng'ombe wamesimama chini wanamtazama. Watu hucheka kwa sababu wanajiona.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo ndiye aliyeandika ukurasa kuhusu katuni hiyo. Kamusi ile huandikwa na watu wa kujitolea, nao hujadiliana kipi kibaki na kipi kifutwe. Ukurasa haujapoa, ukabandikwa tangazo: katuni haina umaarufu, hakuna gazeti lililowahi kuiandika, ifutwe. Mwenye maoni aseme hapa chini.

Magazeti! Huku kwetu mengi hutufikia yakiwa yamefungia maandazi. Naelewa kwamba kamusi haiwezi kumpokea kila mtu na vichekesho vyake, lazima kuwe na kipimo. Lakini kipimo kinachosubiri mwandishi wa habari apotee njia aibukie kijijini Kwaluguru ndipo watu wa Kwaluguru wahesabike, hicho nakikataa. Nilikikataa siku ile ile, kwa sauti, mbele ya wateja.

Nikampigia mama yangu mdogo. Anaishi huko Kwaluguru, upande wa Handeni, ana sola na biashara ya kuchaji simu. Wakulima na wafugaji humletea simu zao, na wakisubiri hutazama katuni zangu kwenye simu yake, maana ndiyo yenye bando. Nikamwomba awaambie wanaoipenda waseme neno.

Yeye alilichukua kama mkutano wa kijiji. Kwenye mkutano mtu husimama mwenyewe, akasalimia, akajitambulisha, ndipo akasema lake; hasemewi na mwingine. Kwa hiyo kila aliyekuja alimfungulia akaunti yake, kwenye simu ile ile moja. Asiyejua kuandika alitamka, mama mdogo akaandika, kisha akamsomea ili ahakikishe.

Niliyaona maoni yakimiminika nikiwa Korogwe, nikacheka mpaka machozi. "Shikamooni wazee wangu," aliandika mmoja. "Mimi mkulima wa mahindi. Huyu binti anatuchora vizuri, mwacheni." Mwingine akasema: "Shikamooni. Mimi mfugaji. Yule wa kwenye kichuguu ni mimi, na ng'ombe ni hawa hawa. Msifute."

Kesho yake majibu yakaja. Akaunti zote zimefunguliwa siku moja, kutoka kifaa kimoja, na zote zinaanza kwa salamu moja. Ni dhahiri kwamba ni mtu mmoja anayejifanya wengi. Mtu mwenyewe, kwa maelezo yao, ni mimi. Nikafungiwa nisichangie tena.

Salamu moja! Walitaka waanzeje mbele ya watu wasiowajua, kwa miluzi? Adabu ya watu wazima ikageuzwa kuwa ushahidi wa utapeli, na hakuna hata mmoja kule aliyejisumbua kuuliza.

Rafiki yangu akanipigia. "Dada, kubali tu yaishe. Andika kwamba ulikuwa wewe, uombe radhi. Nimeongea nao, wako tayari kuuacha ukurasa niutafutie vyanzo. Nani huko Kwaluguru atajua?"

Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amenihangaikia. Nami niliutaka ule ukurasa, nisijifanye mgumu. Nilikuwa nimeshaupeleka Kwamndolwa kumwonyesha mama mzazi, na yeye alikuwa ameshawaambia majirani. Nikamwambia rafiki yangu nitafikiri.

Kwanza nikampigia mama mdogo nikamweleza yaliyotokea.

"Kwa hiyo wanasema mimi sipo?" akauliza.

"Wanasema ninyi nyote ni mimi."

"Sasa mzee wa ng'ombe nimwambieje? Kila akija kuchaji anauliza kama maneno yake yamefika."

"Mwambie yamefika, mama."

Nilikuwa nimeachiwa sehemu moja tu ya kujitetea. Nikaandika hapo: "Wale si mimi. Ni watu wa Kwaluguru, na kila mmoja amesema lake. Siombi radhi kwa kuwa na wasomaji." Nikatuma kabla sijapoa.

Ukurasa ulifutwa jioni ile. Rafiki yangu akaniambia nimejiponza mwenyewe, kwamba lilibaki neno moja tu. Najua. Neno lenyewe lilikuwa la kusema mama yangu mdogo hayupo, na hilo siandiki.