Majibu Yaliyoondolewa

Mtu ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikimwita hapa "mtaalamu wangu wa namba" amefariki. Mke wake alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nimekaa kwa fundi viatu, mguu mmoja peku, na kabla sijapata neno la pole akaniambia kwamba familia imekaa na kuamua wasifu wa marehemu niuandike mimi, na siku ya mazishi niusome mimi. "Wewe ndiye unayemjua, shemeji," alisema. Nikakubali, maana mfiwa huwezi kumwambia hapana. Kisha nikavaa kiatu ambacho bado hakijashonwa, nikarudi nyumbani nimekasirika. Najua hasira siyo hisia inayotegemewa katika safu ya kumkumbuka rafiki, lakini ndiyo niliyokuwa nayo, na nitaeleza sababu.

Kwanza nimtendee haki. Alikuwa mtumishi wa serikali mstaafu, na kazi yake ya maisha ilikuwa kuhesabu: kaya, mifugo, magunia ya mahindi. Alipostaafu alirudi kwenye nyumba yake Matogoro, karibu kabisa na msitu, akanunua kishikwambi, akawekewa programu ya takwimu, na tangu siku hiyo hatukupumua. Ungemkuta barazani amejifunga shuka kwa baridi ya Juni, miwani imemshuka puani, kidole kinagusa kioo, na namba alizokusanya wiki nzima zinajipanga, zinatoa wastani, zinachora mstari. Zamani, aliniambia, kazi hiyo ilimchukua mwezi mzima na kikokotoo. Sasa inaisha chai haijapoa. Alinifundisha na mimi. Kila ninachojua kuhusu takwimu nilikijua pale barazani, nikila viazi vitamu vya mke wake, na nilimpenda mtu yule kama kaka yangu wa tumbo moja.

Alikuwa na ubishi wake wa kitaalamu. Nikiandika "watu wengi", Jumapili hiyo hiyo atanipigia simu kuuliza wengi ni wangapi. Mwaka mmoja niliandika hapa kwamba siku hizi mvua za Songea zinachelewa kuanza, jambo ambalo sokoni kila mtu analisema. Alikuja kwangu na kishikwambi kwapani. Kumbe kila asubuhi ya msimu alikuwa akipima mvua kwa kopo nyuma ya nyumba na kuingiza namba, miaka kadhaa sasa. Akanionyesha mchoro: kwenye kopo lake mvua hazikuchelewa kuanza, zilikuwa zinakatika mapema. Nikamwambia njaa ni ile ile. Akasema si ile ile kwa mkulima anayepanga siku ya kupanda, na kwamba nisahihishe. Nikaomba radhi gazetini, mnakumbuka, na mlinicheka sana. Niliona aibu, lakini nilijivunia kuwa na rafiki wa namna ile. Nilijiambia kwamba mtu anayegombana kwa ajili ya kopo la mvua hawezi kusema uongo katika jambo kubwa.

Baadaye wafadhili fulani walitaka kuchimba kisima cha pampu katika kitongoji kimoja kati ya vichache walivyokuwa wameviteua, wakamwajiri atafute ni wapi wanawake wanatumia muda mrefu zaidi kufuata maji. Kimojawapo kilikuwa kule Mpitimbi, kwao alikozaliwa. Akaandaa dodoso, akafundisha wadadisi, wakaenda nyumba kwa nyumba na vishikwambi vyao. Swali lilikuwa rahisi: unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi. Mdadisi aandike namba mbili, programu itoe moja kwenye nyingine. Siku matokeo yalipopatikana aliniita kabla hajawapelekea wafadhili, akaniambia kwa fahari kwamba kule kwao wastani ni kama saa moja tu kwenda na kurudi, hali si mbaya kama watu wanavyolalamika. Nikaandika, nanyi mkasoma. Nilikisifu kishikwambi, nikasema enzi za kupanga maendeleo kwa kusikiliza malalamiko zimekwisha. Leo nikiisoma makala ile natamani kuingia uvunguni.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja nikafungua mlango nikamkuta mwanamke aliyenizidi umri amekaa kwenye ngazi, kikapu cha maharage kando yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akajitambulisha: ni dada wa yule mtaalamu wangu, mtoto wa baba yake mkubwa, anaishi Mpitimbi ng'ambo ya bonde. Kutoka kwenye kitenge akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Wafadhili walikuwa wamekwenda kwenye mkutano wa kitongoji na makala yangu mkononi, wakawaambia watu kwamba hata gazeti limeandika maji yako karibu, kwa hiyo kisima kitakwenda kwingine. Hakunifokea. Alitaka kujua tu nani alinipa habari ile. Nilipomwambia ni ndugu yake, alikikunja tena kile kipande cha gazeti, akasema, "Mimi yule mdadisi nilimwambia natoka saa kumi, narudi saa moja. Aliandika mbele ya macho yangu, mdogo wangu. Sasa hayo majibu yangu yamekwenda wapi?"

Nilikwenda Matogoro siku ile ile. Nikamwomba rafiki yangu anionyeshe majibu ya dada yake, nikitegemea atatafuta, atakuna kichwa, atashangaa. Hakutafuta. Aligusa kioo mara mbili, likafunguka faili lingine ambalo sikuwahi kuliona, na juu yake alikuwa ameandika kwa mkono wake: Yaliyoondolewa. Ndani yake mistari ilikwenda chini kwa chini. Kumi, moja, hasi tisa. Kumi, mbili, hasi nane. Kumi na moja, moja, hasi kumi. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Kosa lenyewe mtu wa Ulaya asingeweza kulifanya. Sisi saa zetu tunaanza kuzihesabu jua likichomoza. Ikiisha saa kumi na mbili tunarudi moja. Kishikwambi hakina habari hiyo. Wadadisi walikuwa wameambiwa waandike saa kama simu inavyoonyesha, lakini ukisimama uwanjani kwa mtu, mama anakwambia saa kumi, unaandika kumi. Wanaokaa karibu na maji wanatoka saa moja, wanarudi saa mbili: mbili toa moja, inabaki moja, hakuna anayestuka. Anayekaa ng'ambo ya bonde anatoka saa kumi alfajiri, anarudi saa moja asubuhi. Moja toa kumi, programu inasema hakuna mtu anayeweza kutembea kwa muda ulio chini ya sifuri, na kwa adabu kabisa inauliza: majibu haya batili yaondolewe? Naye alikuwa amegusa ndiyo. Wenye shida wote wakatoka kwenye hesabu, wakabaki wenye nafuu, na huo ndio wastani nilioutangaza.

Nilimuuliza aligundua lini. Siku ya tatu baada ya makala yako, alisema, akiyapitia tena majibu kabla ya kuyatuma. Alikuwa bado hajayatuma. Nikamuuliza, sasa aliyatumaje. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka.

"Ulishaandika, mwandishi," alisema. "Ningebadilisha, ningekufanya wewe mwongo mbele ya mji mzima."

Mtu aliyenisimamisha mbele ya wasomaji niombe radhi kwa kopo la mvua ananiambia ameficha shida ya wanawake wa kitongoji kizima kwa ajili ya kunihurumia mimi. Nilipombana ndipo akasema la kweli: aliogopa wafadhili watauliza imekuwaje mtu wa uzoefu wake asahau jinsi mama yake mzazi alivyokuwa akitaja saa. Akaniomba mwezi mmoja. Atawaandikia mwenyewe, kisha mimi nisahihishe, nisimvunjie heshima kabla hajajieleza. Nikampa mwezi. Mwezi ukawa msimu. Kisima kikachimbwa kwingine, na watu wa huko wanakunywa maji safi, wala siwaonei wivu. Yeye akaanza kuumwa, na mgonjwa huwezi kumgombeza. Tukawa tunasalimiana baada ya misa, habari za nyumbani, nzuri, basi. Hakuwahi kuandika. Na mimi, nikitumia ugonjwa wake kama kisingizio, sikuwahi kusahihisha.

Nimefikiria sana kwa nini iliniuma kiasi kile. Nimewahi kudanganywa na wanasiasa, na wauza mbolea, na fundi aliyeezeka nyumba yangu, na sikupoteza hamu ya kula. Kwa hao nilijiandaa. Kwake sikujiandaa, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kutomwamini mtu asiye na namba, na baada ya hapo nikaziamini namba kwa sababu zilitoka kwake. Alinigeuka kwa kitu kile kile alichonipa. Na kuna jambo pana zaidi. Siku hizi kila ofisi ya mji huu ina kishikwambi, na mwenye nacho akisema "mfumo umekataa", mama aliyesimama mbele yake hana la kujibu. Kifaa hakina kosa. Kilisema wazi kwamba kuna kitu hakiendi sawa, kikauliza. Zamani karani akikutana na jibu la ajabu alipanda baiskeli akarudi kuuliza, si kwa sababu alikuwa mwema kuliko wetu wa leo, ila hakuwa na njia nyingine. Leo njia nyingine ipo, ni kugusa mara moja, na chai haijapoa.

Basi nikauandika wasifu. Jumatano mchana nilikuwa na kurasa mbili: kuzaliwa Mpitimbi, shule, ndoa, utumishi, watoto, kopo la mvua. Karibu na mwisho niliandika sentensi moja kuhusu wale wanawake na kisima. Niliisoma mara kadhaa. Nikamfikiria mjane, nikamfikiria katekista amesimama kando yangu, nikaona haiendani na yale mengine yote. Nikaifuta. Siku ya mazishi nilisimama kando ya jeneza nikasoma kwa sauti thabiti kwamba marehemu alikuwa mpenda ukweli, na waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali.

Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwake, na nilikuwa kwenye foleni ya kunawa mikono. Aliyekuwa akitumiminia maji kwa jagi ni yule dada yake wa Mpitimbi. Nikaweka mikono juu ya beseni, akamimina, hakuinua macho.

"Umesoma vizuri, mdogo wangu," alisema. "Lakini sisi wa ng'ambo ya bonde hukututaja."

Maji yalikuwa yamekwisha mikononi mwangu na bado nilikuwa nimeinyoosha. Nilikuwa nimemlaani mwenzangu mara ngapi kwa mistari aliyoiondoa, na siku niliyopewa kalamu na watu wote wakinisikiliza, nikamwondoa mama huyu kwa mara ya pili. Sababu zangu zilikuwa nzuri. Za rafiki yangu pia zilikuwa nzuri. Nimemsamehe? Bado. Ningependa kumaliza kwa kusema nimemsamehe, lakini hilo nalo lingekuwa kufuta jibu lisiloendana na mengine. Nimejifunza jambo moja tu, na nawaachia ninyi mnaofanya kazi na vifaa hivi, na sisi wenye kalamu: jibu likionekana haliwezekani, kabla hujaliondoa, rudi kwa aliyelitoa, kaa naye, muulize tena.

Kwa hiyo nilimuuliza. Pale pale kwenye beseni, watu wakinisukuma mgongoni, nilimuuliza dada siku hizi anatoka saa ngapi kufuata maji. Akaniangalia kuona kama nafanya mzaha. Akasema saa kumi, na kurudi ni saa moja, hakuna kilichobadilika. Nikahesabu kwa vidole vilivyokuwa bado vinachuruzika: kumi na moja, kumi na mbili, moja. Ni saa tatu, wasomaji wangu. Niliwaambia ni saa moja. Ni saa tatu.