Naomba Usifagie Kwanza

Kampuni ya gemu ilinijibu asubuhi, mama akiwa anafagia uwanja. Siku zote nimeipenda sauti ya ufagio wake, ila siku ile ilinikera, kama kilivyonikera kila kitu baada ya kusoma yale maneno. Waliandika kwamba mwanga ni mzuri, miti ni mizuri, maji yanang'aa inavyotakiwa, lakini mahali penyewe hapaonekani kama panaishi mtu. Nirekebishe, nitume tena kabla ya Ijumaa kwisha, ndipo waamue kama watanipa kazi.

Hapaishi mtu! Nilikuwa nimetengeneza dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa huku kwetu bonde la Kilombero huhamia msimu wa mpunga ili walinde mashamba. Nililijenga kwenye kompyuta mti kwa mti, kamba kwa kamba, mandhari ambayo mchezaji angeweza kuizunguka, kupanda ngazi na kutazama mpunga hadi kule milimani. Halafu mtu ambaye pengine hajawahi kukanyaga tope la shamba ananiambia hapaishi mtu. Nikafunga kompyuta kwa hasira, nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Hasira ile ilikuwa woga, nilijua. Nilikuwa nimerudi Ifakara kukaa na mama, ambaye tangu baba afariki alikuwa anakula mara moja kwa siku na kudai hana njaa. Nikiwepo alikula, kwa sababu alikuwa na mtu wa kumpikia. Kazi ile ningeweza kuifanya pale pale nyumbani. Nikiikosa, ningerudi Dar es Salaam kwenye duka la kupiga picha za pasipoti, naye angerudi kwenye mlo wake mmoja. Hakuniuliza lolote. Alipima mchele kwenye mfuko, akaufunga kwa kamba, akauegesha karibu na mlango. Mchele wa safari. Kila nilipopita ulinigonga kidole, nami nikauchukia kama vile umenikosea.

Siku zilizofuata nilikuwa naongeza tu. Nikaongeza majani, nikaongeza ndege, nikaweka ukungu wa asubuhi, nikachora hata nyufa kwenye nguzo. Pakazidi kupendeza, na ukiwa ukazidi. Sasa niliuona hata mimi, ila sikujua unatokea wapi.

Mama alikuja kusimama nyuma yangu akifuta mikono kwenye kanga. Kompyuta yangu huitazama kama anavyotazama jiko la mtu mwingine, kwa adabu na bila kugusa.

"Ni kwa nani hapo?" akauliza.

"Kama kwa mama mdogo, kule Namawala."

Akainama kidogo. "Pasafi," akasema. "Hapo hata mgeni akija sasa hivi, unamkaribisha bila wasiwasi."

Nilimshukuru, nikaendelea kupanga majani. Sikujua kwamba ameshanipa jibu.

Kesho yake simu ya mama mdogo ilikuwa haipatikani. Huko shambani hakuna umeme, kwa hiyo hatukushtuka, ila chumvi na sabuni zake zilikuwa zinatusubiri, mama akaamua tumpelekee. Bodaboda zilitufikisha pale njia inapoishia kwenye tope, tukavua viatu, tukashika njia ya miguu.

Kwenda kwenye dungu la mtu kuna utaratibu wake. Hodi hupigwa kutoka mbali, ungali huoni hata paa, halafu unatembea polepole. Mwenye shamba akikusikia hushika ufagio. Anaficha sufuria, anaanua nguo, anafuta nyayo kwenye ngazi, na ukifika mnasalimiana kama vile siku zote pako hivyo. Mama ni bingwa wa hodi ya mbali. Tangu utotoni nimefika kwenye madungu nikiwa nyuma ya sauti yake.

Siku hiyo alikutana njiani na mwanamke waliyesoma naye, na salamu zao zikafika mpaka kuulizana habari za kuku. Nilikuwa nimebeba mzigo, mawazo yangu yako Ijumaa, nikatangulia. Hodi yenyewe nikaisahau.

Nikafika hakuna mtu. Mama mdogo alikuwa upande wa pili wa shamba, namsikia akivuta kamba ya makopo kufukuza ndege. Pale uwanjani kandambili moja ilikuwa imepinduka. Kanga ilining'inia kwenye kamba ikidondosha maji. Sufuria lenye ukoko lilikuwa limelowekwa, na masizi yake yote. Kwenye mafiga moshi mwembamba ulikuwa bado unatoka, na kando yake muhogo umemenywa nusu, kisu bado kimeng'ang'ania ndani. Nyayo za tope zilipanda ngazi, zikashuka. Juu, chandarua kilikuwa kimefungwa fundo la haraka haraka.

Nikaweka mzigo chini. Maisha yangu yote nimeliona dungu lile likiwa limeshafagiliwa. Na mimi, mtoto wa mama yangu, nilipojua wageni wanakuja kutazama kazi yangu, nilifanya nilivyolelewa: nilifagia, nikaficha kila kitu, pamoja na mwenye nyumba. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

"We! Nani huyo?" Mama mdogo alikuwa anakuja mbio. "Mbona hukupiga hodi?"

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Subiri hapo hapo, usisogee." Mkono wake ulikuwa umeshashika ufagio.

"Mama mdogo, nakuomba. Usifagie kwanza."

Ndipo mama naye akatokea, akayasikia maneno hayo. "Unamkataza mtu kufagia kwake?" akasema. "Adabu umeiacha Dar?"

Niliwaeleza yote nikiwa nimesimama kwenye tope, kwamba kazi yangu inategemea sufuria lile na kandambili ile, na kwamba ndivyo vitakavyoamua kama nitabaki Ifakara au nitaondoka. Nilipotaja kuondoka mama alitazama pembeni. Mama mdogo alimwangalia dada yake, kisha akaegemeza ufagio kwenye nguzo.

"Haya, tazama," akaniambia. "Lakini hao watu wako wasijue ni kwangu."

Nyumbani niliondoa ukungu na karibu ndege wote. Nikaweka sufuria, kandambili, muhogo na kisu chake. Nyayo kwenye ngazi zilinitesa kuliko vyote, maana kila nilipozitengeneza mkono wangu ulitaka kuzifuta. Ijumaa mchana, kabla ya kutuma, nikamwita mama.

Alisogea karibu na kioo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesimama uwanjani pa mwenzake, "Mwenyewe kaenda kufukuza ndege. Hajaenda mbali." Akasonya. "Ila hilo sufuria, jamani."

Nikatuma.

Jibu lilikuja asubuhi moja ya wiki iliyofuata, tukiwa uwanjani tunachambua mboga. Nililisoma mara mbili, nikakaa chini kwenye udongo uliofagiliwa vizuri.

"Wamesemaje?"

"Nimepata, mama. Kazi ya hapa hapa nyumbani. Nabaki."

Aliingia ndani, akarudi na ule mfuko wa mlangoni, akaifungua kamba kwa meno na kumimina mchele kwenye ungo. Akaanza kuupepeta.

Mchana tulikula pamoja. Jioni akapika tena, akanipakulia, na yeye akajipakulia.