Mgeni Aliyekula Miaka Arobaini na Sita

Mimi ni kinyozi, na kwetu Lahore kinyozi ndiye mpishi wa harusi za watu na ndiye mpeleka habari kati ya familia zisizoelewana. Kwa hiyo ninaposema kwamba Ghulam Rabbani ndiye mtu mgumu kuliko wote ndani ya Lango la Bhati, nasema kama mtu aliyemwekea wembe shingoni kwa miaka ishirini, na bado anayetetemeka ni mimi.

Rabbani anapika nihari, mchuzi mzito wa nyama unaoliwa asubuhi. Duka lake ni mabenchi manne, tanuri la mikate, na sufuria moja kubwa iliyojengewa jikoni mpaka shingoni, hata huwezi kuing'oa bila kubomoa ukuta. Muundi wa ng'ombe huingia humo baada ya alasiri pamoja na shamari, iliki, tangawizi na vitu vingine asivyovitaja hata kwa mkewe. Huchemka taratibu mpaka alfajiri, na ikifika saa nne na nusu asubuhi mchuzi umekwisha. Ukija saa tano utamkuta anasugua upawa, na ukiuliza kama kimebaki chochote atakuuliza ulikuwa umelala kwa nani.

Lakini kuna kitu hubaki kila siku. Kabla sufuria haijaisha, Rabbani huchota lita moja, huitia kwenye sufuria ndogo ya shaba na kuificha chini ya kiti chake. Hiyo ndiyo mbegu. Alasiri huimwaga kwenye mapishi mapya, kwa hiyo ndani ya nihari ya leo mna ya jana, na ndani ya ile ya jana mna ya juzi, mpaka unafika kwa marehemu baba yake, aliyewasha moto wa kwanza mwaka 1977. Baba aliandika kibao kwa mkono wake na kukitundika juu ya mlango: SUFURIA HII HAIJAKAUKA. Siku ya maziko ya baba, Rabbani alitoka makaburini akaja kumwaga mbegu. Siku ya harusi ya binti yake aliwaacha wakwe na sharubati mikononi akaja kumwaga mbegu. Alipougua homa ya matumbo, mkewe, Bibi Kaneez, ndiye aliyeimwaga, huku mgonjwa akimkosoa kwa sauti kutoka dirisha la ghorofani. Na alikula kiapo mbele ya mtaa mzima kwamba siku mbegu itakapokatika atakishusha kibao kile na kufunga duka, maana hawezi kuuza uongo chini ya mwandiko wa baba yake.

Ng'ambo ya uchochoro, hatua saba, nimezihesabu, kuna duka la mdogo wake, Siraj. Baba alipofariki walibishania upawa, wakarushiana maneno ambayo siwezi kuyarudia, na Siraj akaondoka na nusu ya mbegu kwenye kopo la maziwa. Akatundika kibao chake: NIHARI YA ASILI. Rabbani akaandika chini ya kibao cha baba: YA ASILI KABISA. Siraj akaongeza: YA ASILI KULIKO ZOTE, HATUNA TAWI. Huu ni mwaka wa kumi na moja hawasemezani. Wakitaka kutukanana hunitumia mimi.

"Manzoor," Rabbani husema, na Siraj anasikia kila neno, "mwambie huyo jirani moshi wake unanikohoza."

"Manzoor," Siraj hujibu, "mwambie mzee akifunga mdomo moshi hautapata pa kuingilia."

Sasa nitoboe jambo ambalo nilikula kiapo nisilitoboe. Miaka tisa iliyopita, mwezi wa Ramadhani, Siraj alikwenda ukweni akaacha mbegu yake kwenye friji. Umeme ukakatika siku mbili. Aliporudi aliikuta imechacha, inatoa povu. Akaja akaketi kwenye kiti changu nimpake sabuni, akalia mpaka sabuni yote ikamteremka kifuani. Tangu siku hiyo hathubutu kuilaza mbegu kwake, na kila saa kumi na mbili asubuhi nanunua nihari kwa Rabbani kwenye kopo langu lenye mfuniko mwekundu, nasema ni dawa ya magoti ya mke wangu, naingia nalo dukani kwangu, natokea mlango wa nyuma, na kumkabidhi Siraj aitie kwenye sufuria yake. Kwa hiyo wale wanaoapa kwamba ladha ya marehemu baba iko kwa Rabbani, na wale wanaoapa iko kwa Siraj, wote wanakula chungu kimoja. Nimeshuhudia watu wazima wakishikana mashati kwa ajili hiyo, nami nimewaamua kwa uso mkavu.

Na sijui kwa nini, lakini Rabbani, ambaye ana mkono wa birika kwa kila mtu, kopo langu hulichotea ya chini, nzito, yenye uboho. Kuna jaji mmoja aliwahi kuiomba hiyo ya chini akanyimwa hadharani.

"Magoti ya mkeo," huniambia, "yana hamu nzuri ya kula."

Huyo mgeni nililetewa na ndevu zake. Aliitwa Eero, mtu wa Ufini, fundi wa mitambo ya kiwanda cha nyuzi, mrefu, mwekundu, mpole kabisa. Nilipomaliza kumnyoa alijipapasa tumbo na kuinua nyusi. Nikamshika mkono nikamvusha kwa Rabbani. Ilikuwa saa nne na robo, na mbegu ilikuwa imeshawekwa chini ya kiti. Kosa la kwanza, basi, ni langu.

Eero alijua maneno matatu ya lugha yetu: salamu, asante, na tamu sana. Alilolikosa ni moja tu, nalo ni basi. Hata angelijua lisingemfaa, kwa sababu kwetu mgeni akisema basi mara moja ni adabu, mara mbili ni haya, mara tatu anaanza kuaminika, na ya nne sharti aifunike sahani kwa viganja viwili. Sahani tupu kwetu ni ombi. Na kwao, kama alivyonieleza baadaye kwa mikono, mama yake alimlea kwamba kubakiza chakula ni kumtukana mpishi. Hebu fikirini watu wawili wa namna hiyo wamekaa meza moja.

Sahani ya kwanza ilikuja na tangawizi, ndimu na pilipili mbichi. Aliimaliza, akaifuta kwa mkate mpaka ikang'aa. Rabbani, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu kabla ya adhuhuri, alitabasamu. Ya pili. Ya tatu akamgongea mfupa mwenyewe, uboho ukadondoka katikati ya sahani, na Mfini akafumba macho.

"Tamu sana," akasema, machozi ya pilipili yakimtoka.

"Mnamsikia?" Rabbani akawauliza waliokuwepo. "Nyinyi mmekula hapa tangu mzaliwe, nani aliwahi kulia?"

Sahani ya nne ilikwangua sufuria kubwa. Niliusikia upawa ukigonga chuma. Eero, masikini, jasho limemlowesha, pumzi inamwenda juu juu, akaimaliza nayo na kuifuta vilevile. Ikabaki sahani nyeupe, tupu, inamtazama Rabbani.

"Ustadh," nikamnong'oneza, "mwambie imekwisha."

"Nimwambie mgeni imekwisha? Ndani ya duka la baba yangu?"

"Basi mimi nimwambie."

"Ukithubutu, ndevu zangu nitakwenda kunyoa kwa mwingine."

Ng'ambo, Siraj alikuwa amesimama mlangoni mwake, mikono kiunoni, anafurahia. Akapaza sauti: "Manzoor, mwambie mgeni, kama huko kumekauka, huku kupo."

Neno kukauka ndilo lililoharibu kila kitu. Rabbani alisimama, akainama chini ya kiti, akaitoa ile sufuria ya shaba. Nadhani alikusudia kuchota kidogo tu, mbegu nyingine ibaki. Lakini Eero aliimaliza sahani ya tano, na Siraj alikuwa bado anatazama. Ya sita ilitoka kwa kuiinamisha sufuria ya shaba na kuikung'uta kitakoni. Mgeni alikula kama mtu anayelipa deni la ukoo wake, akaweka mkono kifuani, akasema asante, akakataliwa pesa zake, akaondoka amejishikiza ukutani.

Bibi Kaneez alishuka ngazi kuchukua mbegu aiweke penye baridi, kama afanyavyo kila siku.

"Mbegu iko wapi?"

Rabbani alikuwa anafuta benchi lililokwisha kuwa safi. "Imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

"Mgeni."

"Mgeni mmoja amekula miaka arobaini na sita?"

"Na mikate saba," akasema Rabbani.

Habari kwetu haihitaji miguu, na kabla sijakunja taulo uchochoro ulikuwa umejaa: mfua bati, muuza mtindi, mafundi viatu, wote wamesimama kama kwenye msiba. Ndipo Bibi Kaneez akanigeukia, akili yake inafanya kazi haraka kuliko ya mumewe.

"Manzoor, si ulinunua kopo asubuhi? Magoti ya mkeo yameshakula yote?"

Kopo lilikuwa hatua saba kutoka pale, kwa Siraj, linasubiri alasiri. Nikisema, nimevunja kiapo, na duka la Siraj limekwisha kwa aibu mbele ya mtaa. Nisiposema, kibao kinashuka. Nilimtazama Siraj. Uso ulikuwa umemshuka, mikono haiko tena kiunoni.

"Mwache Manzoor," Rabbani akasema. "Cha mgonjwa hakiombwi."

"Kijiko kimoja tu, mume wangu."

"Nimesema mwache."

Akachukua kiti, akakiweka mlangoni, akapanda. Ana miaka sitini na nane, na magoti yanayouma kweli ni yake. Alikishika kibao kwa mikono miwili, akasimama hivyo, hakivuti wala hakiachi. Niliona mabega yake yakitikisika na nikaona haya kwa niaba yetu sote, mimi nikiwa wa kwanza, mimi na ndevu za yule Mfini.

"Kaka," sauti ikasema. "Shuka."

Siraj alikuwa amevuka. Miaka kumi na moja, hatua saba. Mikononi alishika kopo lenye mfuniko mwekundu, ambalo kila mtu mtaani anajua ni langu.

"Shuka, Kaka, utaanguka. Nimekuletea mbegu. Lakini sharti kwanza niseme ukweli mbele ya watu. Hii si ya—"

Rabbani alishuka kwenye kiti upesi kuliko nilivyodhani anaweza. Akalinyakua kopo, akalifunika kwa aproni yake, mfuniko na vyote.

"Ni ya baba," akasema.

"Kaka, nisikilize, mimi miaka tisa—"

"Ni nusu ya baba," akarudia, kwa sauti ya kumfikia hata mtu wa mwisho uchochoroni. "Siraj aliichukua kwa jeuri, leo ameirudisha kwa adabu. Kuna mwenye neno?"

Siraj alifungua mdomo tena, na kaka yake akamtia kipande cha mkate ndani yake.

"Kula. Umekonda. Huko kwako hupiki?"

Siraj alitafuna huku analia, na Rabbani akamshika kisogo kama unavyomshika mtoto usimpoteze sokoni. Bibi Kaneez alilichungulia kopo, akanichungulia mimi, akapanda ngazi. Alasiri ile walimwaga nusu kwenye sufuria hii na nusu kwenye ile, na kibao kikabaki mahali pake. Na kwa kuwa hawa ni watu wa Lango la Bhati, kufikia magharibi walikuwa wameanza kugombana tena juu ya moshi, ila safari hii ana kwa ana, nami nikakosa kazi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilijisifu moyoni kwamba siri imepona, kwamba mzee katika furaha yake hakulitambua kopo. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda kama kawaida, kwa mazoea tu. Rabbani akaupitisha upawa pembeni mwa nyama nzuri zote, akauzamisha mpaka chini kabisa, akachota nzito, yenye uboho, akafunga mfuniko mwekundu, akaupangusa kwa kitambaa.

"Mpelekee mkeo," akasema, bila kuniangalia. "Na umwambie akienda ukweni asiiache kwenye friji. Umeme wetu unaujua."